Mkono wa kupigia gitaa: namna ya kuufanya ugonge uzi uliokusudia

Msikilize kwa makini mtu anayejifunza kupiga solo, yaani nota mojamoja, kwa piki, kile kibao kidogo cha kugongea nyuzi. Akibaki kwenye uzi mmoja, hata akikimbia kidogo, nota zinatoka safi. Taabu inaanza anapohama. Piki inagota uzi wa jirani, au inapita hewani bila kugusa kitu, au inanasa katikati ya nyuzi mbili na mdundo wote unayumba. Kisha utamsikia akilalamika kuwa mkono wake ni mzito, na anaongeza kasi ya metronomu, kifaa cha kuhesabia mdundo, eti uzoee. Mkono si mzito. Haujaoneshwa njia ya kutoka kwenye uzi mmoja kwenda mwingine, na kuukimbiza hakutauonesha.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu njia hiyo. Mambo ya kushika piki na kukalisha mkono nayo yamo, maana bila hayo njia yenyewe haipitiki.

Tuelewane maneno machache kwanza. Mkono wa kupigia ni ule unaogonga nyuzi: wa kulia kwa wengi, wa kushoto kwa mashoto wanaopiga gitaa lililogeuzwa. Mkono wa freti ni ule mwingine, unaobana nyuzi kwenye freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa. Uzi wa kwanza ni mwembamba kuliko wote, ulio upande wa sakafu. Wa sita ni ule mnene, ulio upande wa uso wako. Pigo la kushuka linaelekea sakafuni, pigo la kupanda linaelekea usoni.

Hatua ya 1: Lijue kosa lako

Chagua kifungu kimoja kinachokushinda, cha nota nane au kumi hivi. Usichukue wimbo mzima. Kipige kwa kasi ileile inayokushinda huku simu ikirekodi video ya mwendo wa polepole, kamera ikielekea kwenye daraja la gitaa, pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini, ili ncha ya piki ionekane. Kirudie mara kadhaa, halafu kaa utazame. Hesabu ni pigo la ngapi piki inapopoteza njia. Karibu kila mara utakuta ni palepale.

Sasa fanya majaribio mawili. La kwanza, piga mapigo yaleyale kwa mpangilio uleule wa nyuzi, ila nyuzi ziwe wazi, yaani zisibanwe kwenye freti, na mkono wa freti upumzike pajani. Kama kifungu kilikuwa na nota mbili kwenye uzi wa tatu na mbili kwenye uzi wa pili, gonga uzi wa tatu mara mbili, kisha wa pili mara mbili. Kikitoka safi, basi mkono wa kupigia ulikuwa umesingiziwa. Kidole cha upande wa freti kinachelewa kufika au kinawahi kuondoka, na sauti yake, ile nota iliyokatika au inayokwaruza, inafanana sana na kosa la piki.

La pili, hamishia mapigo yote kwenye uzi mmoja kwa kasi ileile. Yakitoka safi, kosa liko kwenye kuhama, na hatua ya 5 ndiyo dawa yako. Yakiendelea kuchafuka, shida iko nyuma zaidi, kwenye ushikaji na kina cha piki. Anza na hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Piki itoke kidogo, izame kidogo

Kunja kidole cha shahada, laza piki ubavuni mwa pingili yake ya mwisho, kisha ifunike kwa kidole gumba. Ncha inayobaki nje iwe milimita 3 hadi 5. Ikitoka zaidi ya hapo inakuwa na uhuru wa kupinda na kuzunguka, na kila inapozunguka mkono unalazimika kuirekebisha katikati ya mchezo. Nguvu ya kubana iwe ya kutosha kuizuia isigeuke, basi. Ukiona ukucha wa kidole gumba umebadilika rangi, unaibana mno, na mkazo huo unapanda hadi kwenye kifundo cha mkono.

Unene wa piki una maana kuliko watu wanavyodhani. Piki ya milimita 0.5 ni tamu kwa kucharaza kodi (nota kadhaa kwa pamoja) kwa sababu inapinda na kulainisha mkwaruzo. Lakini kupinda huko kunaichelewesha: inapinda kwanza, inauachia uzi baadaye, na wewe huwezi kujua kwa uhakika ni lini hasa nota itatoka. Kwa nota mojamoja, jaribu kati ya milimita 1 na 1.5, yenye ncha iliyochongoka kidogo. Wiki ya kwanza utahisi ni ngumu na sauti ni kali. Vumilia, mkono utajifunza kupunguza nguvu wenyewe.

Kisha kuna pembe. Piki ikigonga uzi ikiwa bapa kabisa, uzi wote unaegemea uso wake na lazima uipite kwa kuisukuma. Izungushe kidogo ili ukingo wake utangulie, digrii 20 au 30 zinatosha, na itateleza. Ukizidisha, nyuzi nene zilizosokotwa zitaanza kutoa mkwaruzo kama wa kufuta. Hapo rudi nyuma kidogo.

Jambo kubwa kuliko yote katika hatua hii ni kina. Ncha ya piki haina haja ya kuzama zaidi ya milimita 1 au 2 chini ya usawa wa uzi. Wengi wanazamisha mara mbili ya hapo bila kujua, halafu wanashangaa kwa nini kutoka ni kazi. Zoezi lake ni rahisi na linafurahisha: piga uzi wa tatu mfululizo, mapigo ya kushuka na kupanda, ukianza kwa kuzamisha piki sana. Punguza kina polepole bila kusimama mpaka piki ianze kuukosa uzi kabisa. Sasa ongeza unywele mmoja tu. Hapo ndipo pako. Rudia zoezi hili kila unapoanza mazoezi, kwa sababu mkono husahau kina kuliko unavyosahau kitu kingine chochote, hasa baada ya kutwa nzima ya kucharaza kodi.

Hatua ya 3: Upe mkono mahali pa kuegemea

Karibu na daraja, nyuzi za magitaa mengi ya nyuzi za chuma zimepishana kwa takriban sentimita 1, na kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita ni kama sentimita 5. Mkono unaoelea hewani bila kugusa chochote hauwezi kupima umbali mdogo namna hiyo mara mamia kwa dakika. Unahitaji kugusa.

Mkono wa mbele, yaani sehemu kati ya kiwiko na kifundo, uegemee ukingo wa mwili wa gitaa. Kisigino cha kiganja kiguse daraja au nyuzi nene kwa wepesi, kiasi cha kukupa habari ya ulipo. Uzuri ni kwamba mguso huohuo unazima nyuzi usizozipiga. Kuhusu kukiegemeza kidole cha mwisho kwenye uso wa gitaa, wapigaji wamebishana tangu zamani na wataendelea kubishana. Maoni yangu: kikigusa na kuteleza, hakina ubaya. Kikishindiliwa pale kama nguzo, kitaufunga mkono, na siku utakapotaka kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita kifundo kitajikunja ili kufidia.

Kujikunja huko ndiko ninakotaka ukuangalie. Mkono unapohama kwenda uzi wa mbali, kinachopaswa kusogea ni mkono mzima, ukiburuzwa na kiwiko, ili kifundo kibaki kwenye pembe ileile kwa kila uzi. Mtu anayeacha kiganja kimeganda mahali pamoja na kunyoosha kifundo pekee anakuwa na mikono sita tofauti, mmoja kwa kila uzi, na anatakiwa kuifundisha yote. Jipime hivi: piga nota nne kwenye uzi wa sita, nne kwenye wa tano, endelea hadi wa kwanza, huku ukiutazama mkono kwenye kioo. Umbo la mkono kwenye uzi wa kwanza lifanane na lile la uzi wa sita.

Mahali pa kugonga napo pana mchango. Karibu na daraja uzi ni mgumu na unatikisika kwa upana mdogo, hivyo unaukuta pale ulipouacha. Ukielekea shingoni unalegea, unachezacheza, na piki inaweza kuukuta bado unatikisika. Sauti ya shingoni ni nene na nzuri, sikatazi, ila fanyia mazoezi ya shabaha karibu na daraja kwanza.

Usitafute mkono mmoja wa kuiga. Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazi, hakutumia piki, alipiga kwa kidole gumba. George Benson, wa jazi pia, anaishika piki kwa pembe iliyogeuka kinyume na wengi. Wote wawili walifika mbali.

Hatua ya 4: Jua mwendo unatoka kwenye kiungo gani

Piki inaweza kusogezwa na kifundo kikienda upande huu na huu, na mkono wa mbele ukijizungusha kama unafungua kufuli kwa ufunguo, na kiwiko, au hata na vidole vyenyewe vikijikunja na kujikunjua. Watu wengi huchanganya bila kujua: polepole wanatumia vidole, wakiharakisha wanahamia kwenye kiwiko kilichokakamaa. Ndiyo maana kifungu kilichofanyiwa mazoezi kwa kasi ndogo mwezi mzima kinaweza kuvunjika ghafla kasi ikipanda. Mwendo uliofanyiwa mazoezi siyo unaotumika.

Kujua wako ni upi, piga uzi mmoja kwa kasi kubwa uwezayo kwa sekunde tano bila kujali usafi, na utazame ni nini kinachosogea. Mwendo huo, ukiwa haukazi bega wala kiwiko, ndio unaotakiwa kuufanya pia ukiwa polepole. Ukiona mkono wote umekakamaa, anza na kifundo. Kwa wengi ndicho kinachokubali kulegea upesi.

Hatua ya 5: Njia ya kutoka

Fikiria unapiga uzi wa tano pigo la kushuka. Piki imepita uzi na sasa iko katikati ya uzi wa tano na wa nne. Nota inayofuata iko kwenye uzi wa sita. Ili kufika huko piki lazima iruke juu ya uzi wa tano. Swali ni moja: pigo lile lilipoisha, piki ilikuwa imezama kati ya nyuzi au ilikuwa imeshapanda hewani?

Mwendo wa piki haulali sambamba kabisa na uso wa nyuzi. Karibu kila mpigaji ana mwinamo kidogo. Kwa baadhi, pigo la kushuka linaelekea ndani, kwenye mwili wa gitaa, na pigo la kupanda linatoka nje. Watu hawa wakimaliza na pigo la kupanda wako hewani na wanaweza kwenda uzi wowote bila kikwazo. Wakimaliza na pigo la kushuka wamenaswa. Kwa wengine ni kinyume: pigo la kushuka ndilo linalotoka nje, la kupanda linazama. Hakuna kundi bora. Ila ukiwa wa kundi la kwanza na kifungu chako kinakutaka uhame baada ya pigo la kushuka, utakosea hapo kila siku, kwa kasi yoyote, hata ukirudia mpaka usiku.

Jua kundi lako kwa kurudi kwenye ile video ya mwendo wa polepole. Safari hii kamera iwe usawa wa nyuzi, ikitazama kutoka upande wa daraja, uone piki inapanda wapi na inazama wapi. Usipoona vizuri, tumia masikio: gonga uzi wa tatu na wa kwanza kwa zamu, ukiruka wa pili, mapigo mawili kila uzi, ukianza na pigo la kushuka. Hapa unahama kila mara baada ya pigo la kupanda. Kisha rudia ukianza na pigo la kupanda, uwe unahama baada ya pigo la kushuka. Moja kati ya hayo mawili litakuwa jepesi waziwazi.

Sasa tuichukue skeli (nota zilizopangwa kwa ngazi) ambayo karibu kila mpiga solo anaijua, pentatoniki, yaani ya nota tano, ya A maina kwenye freti ya 5. Uzi wa sita una freti 5 na 8. Wa tano, wa nne na wa tatu zina 5 na 7. Wa pili na wa kwanza zina 5 na 8. Nota mbili kila uzi. Ukianza na pigo la kushuka na kupokezana bila kukosa, kila uzi unapata kushuka na kupanda, na kila uhamisho unakuja baada ya pigo la kupanda, iwe unaelekea nyuzi nyembamba au unarudi kwenye nene. Mtu ambaye pigo lake la kupanda hutoka nje ataipiga skeli hii yote bila kizuizi hata kimoja. Yule wa kundi la pili atajikwaa kwenye kila uzi, na huenda ameambiwa hana kipaji. Mwambie aanze na pigo la kupanda na utaona.

Mambo yanakuwa magumu kwenye nota tatu kila uzi. Chukua skeli ya G meja: uzi wa sita freti 3, 5, 7, wa tano 3, 5, 7, wa nne 4, 5, 7, wa tatu 4, 5, 7, wa pili 5, 7, 8, wa kwanza 5, 7, 8. Ukipokezana mapigo, uzi wa sita unapata kushuka, kupanda, kushuka. Uzi wa tano unapata kupanda, kushuka, kupanda. Kwa hiyo uhamisho wa kwanza uko baada ya pigo la kushuka, wa pili baada ya la kupanda, na zinapishana hivyo hadi mwisho. Nusu ya milango imefungwa, uwe wa kundi lolote. Ziko njia tatu za kushughulikia hili.

Njia ya kwanza ni kusukuma. Ukielekea nyuzi nyembamba, usipokezane kwenye uhamisho. Pigo la kushuka la mwisho kwenye uzi wa sita liache piki itue juu ya uzi wa tano, ipumzike hapo, kisha iendelee kushuka kupitia uzi huo kama sehemu ya mwendo uleule. Kila uzi unakuwa kushuka, kupanda, kushuka. Pigo la namna hii, linalotua kwenye uzi unaofuata, ni msingi wa mtindo wa mpiga gitaa Django Reinhardt na wapigaji waliomfuata katika jazi ya gitaa za akustika. Linatoa sauti kubwa bila nguvu nyingi. Kwa mtu ambaye pigo lake la kushuka linazama, hii ndiyo njia ya asili, kwani piki tayari inaelekea huko. Kosa la kawaida ni kukimbiza nota ya pili. Piki itue, isubiri wakati wake, ndipo ipite.

Njia ya pili ni kuunganisha nota moja kwa mkono wa freti. Ukirudi kutoka nyuzi nyembamba kwenda nene, kusukuma kwa kushuka hakuwezekani. Basi gonga nota mbili za kwanza, kushuka na kupanda, na ya tatu itoe kwa kung'oa kidole bila piki. Mapigo ya piki yamekuwa mawili, shufwa, na unahama baada ya pigo la kupanda. Msikilizaji hatajua chochote mradi nota iliyong'olewa isipoe.

Njia ya tatu ni kujifunza miinamo yote miwili na kugeuza kifundo kidogo katikati ya skeli. Inawezekana, wapo wanaoifanya kwa ufasaha mkubwa, lakini ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi. Mimi ningeiacha iwe ya mwisho.

Chukua sasa kile kifungu chako cha hatua ya 1. Kiandike kwenye karatasi, weka alama ya kushuka au kupanda chini ya kila nota, kisha zungushia duara kila nota ya mwisho kabla ya kuhama uzi. Duara zote zikiwa upande wa pigo lako linalotoka nje, kifungu kinakufaa, kinahitaji marudio tu. Zikiwa kinyume, usikirudie hata mara moja kabla hujabadilisha pigo la kuanzia, au hujaunganisha nota, au hujasukuma. Kazi hii ya kalamu inachukua dakika chache na inaokoa miezi.

Hatua ya 6: Mazoezi ya shabaha

Fanya haya baada ya kujua njia yako ya kutoka, vinginevyo utakuwa unakariri makosa. Yote ni ya nyuzi wazi. Zizime kwa kuulaza mkono wa freti juu yake kwa wepesi ili usikie mguso wa piki pekee.

Anza na jozi. Metronomu iwe kwenye midundo 60 kwa dakika, nota nne kwa kila mdundo, yaani robo ya sekunde kwa kila nota. Piga mbili uzi wa tatu, mbili wa pili, mfululizo kwa dakika moja. Kisha ongeza umbali: wa nne na wa pili, wa tano na wa pili, wa sita na wa kwanza. Umbali ukiongezeka usikimbize mkono kuwahi. Uondoke mapema, uzidi kulegea.

La pili ni la kushtukiza. Andika tarakimu 1 hadi 6 ovyoovyo kwenye karatasi, safu mbili tatu, kisha zisome na kugonga uzi wenye tarakimu hiyo kwa kila mdundo, macho yakiwa kwenye karatasi. Mwanzoni ni aibu tupu. Thamani yake ni kwamba macho hayawezi kusaidia, kwa hiyo ile miguso ya kiganja na mkono wa mbele ndiyo inayobeba kazi. Usipokosa tena kwenye midundo 60, badilisha tarakimu kabla ya kubadilisha kasi.

La tatu ni milipuko. Weka metronomu kwenye 120, ambapo nota nne kwa mdundo ni nane kwa sekunde. Piga nota tano tu kwa kasi hiyo, ya tano iangukie kwenye mdundo unaofuata, halafu nyamaza midundo mitatu ukilegeza mkono. Rudia. Kasi kubwa kwa muda mfupi inauonesha mkono mwendo halisi unaotakiwa, jambo ambalo upole pekee hauwezi. Nota tano zikiwa safi, weka uhamisho mmoja katikati, mmoja tu.

Je, upandishe metronomu pole pole kila siku, kidogo kidogo? Ushauri huo umeenea na haudhuru, ila usiutegemee peke yake. Piga polepole sana ili kuangalia umbo, piga kwa milipuko ya kasi ili kuujaribu mwendo, na usikae muda mrefu kwenye kasi ya katikati ambapo makosa yanajificha.

Mikono miwili iende pamoja

Kama jaribio la nyuzi wazi lilionesha kuwa piki haina hatia, tia mkazo kwenye nota ya kwanza ya kila nota nne. Igonge kwa nguvu kidogo, nyingine ziwe laini. Mkazo huo unakuwa mahali pa mikono kukutania: kidole na piki vikifika pamoja kwenye nota yenye mkazo, tatu zinazofuata hujipanga zenyewe. Kisha hamisha mkazo uende nota ya pili, ya tatu, ya nne. Ukitumia amplifaya, fanya haya bila distosheni (ile sauti ya kukwaruza inayoongezwa kwenye amplifaya), maana distosheni inasawazisha nguvu za nota na kukuficha usiyoyapenda. Baadaye iwashe kwa sababu nyingine: itakuambia ni uzi gani hukuuzima.

Kama hutumii piki

Kanuni ya kugusa kabla ya kupiga inabaki. Gumba lishike nyuzi tatu nene; shahada, cha kati na cha pete zishike wa tatu, wa pili na wa kwanza. Kila kidole kikae juu ya uzi wake kabla ya kuuvuta, kitulie nukta moja, ndipo kivute. Polepole utasikia nota zinakatika kwa sababu kidole kinauzima uzi kikitua. Usijali, mwendo ukiongezeka pengo hilo linapungua lenyewe.

Na kwa kucharaza kodi, tofauti ni kwamba shabaha ni kundi la nyuzi. Kodi ya D ya kawaida inataka nyuzi nne nyembamba, ila piki inayotoka juu ina tabia ya kuanzia uzi wa sita. Badala ya kulenga kwa ustadi kila mara, acha ncha ya gumba la mkono wa freti iuzime uzi wa sita, na wa tano ukiusikia si kitu, A ni sehemu ya kodi hiyo.

Ratiba

Dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha kwa kazi hii, na ni bora kuliko saa mbili za mara moja kwa wiki, kwa sababu mwendo mpya hujijenga hata ukiwa umelala. Usifanye zoezi moja kwa dakika zote. Gusa kina cha piki, ruka kwenye jozi, fanya milipuko, rudi kwenye kifungu chako, kisha jozi tena. Utajiona unakosea zaidi siku hiyo kuliko anayerudia kitu kimoja, na utajikuta unakumbuka zaidi kesho. Mkono ukianza kuuma au kufa ganzi, weka gitaa chini. Maumivu yanayorudi kila siku ni ya kupeleka kwa daktari, si kwa metronomu.

Rekodi kile kifungu tena mwishoni mwa wiki kwa kamera ileile, pembe ileile. Ikiwa piki bado inanasa palepale baada ya wiki mbili za kazi ya kweli, achana na mkono na ubadilishe mahali pa nota. Gitaa lina huruma hiyo: E ya uzi wa kwanza ulio wazi ndiyo ileile ya freti 5 kwenye uzi wa pili, freti 9 kwenye uzi wa tatu, na freti 14 kwenye uzi wa nne. Hamishia nota moja kwenye uzi wa jirani, hesabu mapigo upya, na uone kama duara limeangukia upande wako.